Jabali Lisihukumiwe kwa Kosa la Tope

Wako watu wasemao kwamba jabali lililokaa katikati ya kijito cha mlimani ni uchafu wa mto. Hulitazama tope lililotuama nyuma yake, kisha husema: "Liondolewe, lipasuliwe liwe mawe ya kujengea, maji yapate kwenda safi." Hukumu hii imefuata mithali ya wahenga, akamatwaye na ngozi ndiye mwizi. Mimi naikataa, na nakusihi, msomaji kijana, uupime ushahidi kabla hujaikubali.

Utazame mto Gura, utokao katika milima ya Nyandarua na kuteremka kwa kasi kuelekea Tana. Wataalamu huliita jabali jiwe lizidilo milimita 256 kwa upana. Maji yakilikuta jiwe la namna hiyo hugawanyika. Upande yatokako huzama na kuchimba. Ubavuni hupita kwa nguvu, yakafagia mchanga. Lakini nyuma yake hulegea na kuzunguka polepole. Hapo penye maji malegevu mchanga mwembamba hushuka, ukapenya katika nafasi zilizo baina ya kokoto. Basi jabali moja hufanya kazi mbili: hapa husafisha, pale huweka. Tena hupokea kifuani mwake sehemu ya nguvu ya mkondo ambayo ingalizikumba kokoto za sakafuni.

Nafasi zile si tupu. Maji hupita ndani yake yakichukua oksijeni. Mabuu ya wadudu huishi humo, na trauti, samaki walioletwa Gura mwaka 1905, hutaga mayai yao katika kokoto. Tope likizijaza nafasi hizo, mayai hukosa pumzi yakafa. Hilo silikani, wala sisemi kwamba tope lililo nyuma ya jabali halina madhara. Nasema kwamba jabali halikulizaa tope hilo.

Nani basi aliyelizaa? Ni jembe lililolima mpaka ukingoni. Ni shoka lililoangusha miti ya mteremkoni. Ni njia ya ng'ombe isiyosaliwa na unyasi. Mvua ya masika ikinyesha, udongo huo huingia mtoni, majabali yawepo yasiwepo. Yakiwapo, tope hutua mahali fulani, na mahali pengine hubaki safi, viumbe wakapata pa kukimbilia. Yakiondolewa, mkondo hupoteza kizuizi chake, ukaongeza kasi na kuzila kingo. Na kingo zikiliwa, tope huzidi. Wala tope lililokosa pa kutua haliangamii, bali hushuka. Bwawa la Masinga, lililokamilika katika mto Tana mwaka 1981, limepungukiwa na nafasi ya maji kwa sababu ya udongo uliochukuliwa kutoka nchi za juu.

Simdharau mpasua mawe atafutaye riziki ya watoto wake. Lakini mawe ya kujengea yapo pia katika machimbo ya nchi kavu, na mto hauna majabali mengine ya akiba. Anayetaka maji safi na aanze shambani kwake: aache ukingo bila kuulima, apande nyasi na miti, akinge mteremko kwa matuta. Akisha kufanya hayo, na arudi mtoni alitazame jabali lile tena. Ataliona liko mahali pake, na tope nyuma yake limepungua.