Mtoto Mwenye Njaa Katika Nchi ya Mahindi

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza juu ya njaa. Huenda msomaji wa Isansa akashangaa: njaa gani, nasi tuna ghala? Ni kweli, huku Mbozi tunalima mahindi, maharage na kahawa, na kila baada ya mavuno malori yaliyojaa magunia huelekea Tunduma. Hata hivyo sisi wauguzi tunaiona njaa, nayo tunaiona kwa watoto wa shule.

Huletwa kwetu mtoto aliyeanguka mstarini. Tunampima malaria, hana. Tunamwuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Anajibu kwa sauti ndogo, "Bado, nesi." Chakula chake cha mwisho ni ugali wa jana usiku. Hebu tuhesabu pamoja: tangu saa mbili usiku hadi saa tisa alasiri anaporudi nyumbani ni saa 19. Ni mzazi gani awezaye kulima saa hizo zote bila kula?

Yatupasa tukiri kosa letu pia. Miaka ya nyuma tuliwapa watoto wa namna hiyo vidonge vya kuongeza damu, tukawaruhusu waende, bila kumwuliza mzazi habari za chakula. Tulitibu kichwa kinachouma, tukaacha tumbo tupu.

Ubongo wa mtoto hutumia sukari itokanayo na chakula, na mwili wake mdogo hauna akiba kubwa. Sukari ikipungua katika damu, mtoto hutetemeka, husinzia, huwa mkali au mzito wa kuelewa. Wengine humwita mvivu au mjinga. Akiwa pia na minyoo na upungufu wa damu, mzigo huwa mzito zaidi.

Ghala lililojaa halimaanishi mtoto ameshiba. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 42 mwaka 2010. Lakini Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa chakula kama wetu wa Songwe, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu: karibu nusu ya watoto au zaidi. Udumavu huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza, na chakula cha shule hakiwezi kuufuta. Kinachoweza kufanya ni kumsaidia mtoto atumie vizuri akili aliyo nayo.

Basi ni nani apaswaye kuwapa chakula shuleni? Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wazazi wengi walielewa kwamba Serikali imechukua yote, hata sufuria la uji. Sivyo. Waraka uliotolewa mwaka huohuo ulieleza kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi, na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unataka wazazi na jamii washirikiane na shule. Jirani zetu wa Kenya walianza kugawa Maziwa ya Nyayo mwaka 1979. Maziwa yalitegemea hazina ya Serikali, na katika miaka ya 1990 mpango ule ulififia. Chakula kinachotoka mbali hukatika bila taarifa.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Kwa makande, mtoto mmoja anahitaji kama gramu 100 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku. Hiyo ni kilo 19 na nusu za mahindi, yaani karibu debe moja, na maharage kilo 8 kwa mwaka mzima. Debe moja! Tatizo letu ni kwamba tunachangishwa Februari, ghala linapokaribia kuisha. Tutoe wakati wa mavuno, kabla mnunuzi hajafika na mzani wake.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mahali pengine mtoto ambaye mzazi wake hajachanga huketi pembeni akiwatazama wenzake wakila. Tunajua hoja ya kamati: wote wakila, wavivu watategea na waliochanga watachoka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtoto hana shamba. Deni ni la mtu mzima, naye adaiwe na serikali ya kijiji. Asiye na mahindi alete kuni, achote maji, au alime shamba la shule. Mara nyingi mtoto anayefukuzwa kwenye sufuria ndiye aliyelala bila kula. Yafaa jumuiya ndogo ndogo zimtambue mjane na bibi anayelea wajukuu, zimchangie kimyakimya.

Mwisho, tunashauri haya:

1. Mtoto asitoke nyumbani bila kitu. Kiporo kilichopashwa moto vizuri, kiazi au uji vyafaa.

2. Tupendelee dona kuliko sembe, na makande yawe na maharage ya kutosha na mboga za majani.

3. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma. Papai, chungwa au pera husaidia.

4. Mahindi ya shule yakaushwe vizuri na yasiwekwe chini sakafuni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Akiba haiozi, wasema wahenga, lakini mahindi mabichi huoza.

5. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na wasikose dawa za minyoo zinapotolewa shuleni.

Ndugu wazazi, mavuno yajayo, kabla ya kushona gunia la kwanza la kuuza, pimeni debe moja kwa kila mtoto aliye shuleni. Na anayeweza, apime la pili kwa ajili ya mtoto wa jirani.