Fizikia huanza kwa mchoro, si kwa fomula

Vijana wawili wa Siongiroi wanaukwamua mkokoteni wa maziwa uliozama matopeni. Mmoja anavuta kamba kwa kani ya nyutoni 300, mwenzake anavuta kwa nyutoni 400. Je, mkokoteni unavutwa kwa kani ya kiasi gani?

Mzazi mpendwa, mpe mwanao aliye sekondari swali hili jioni ya leo. Yamkini atajibu upesi: nyutoni 700. Usimkemee, bali mwulize neno moja tu: "Kila mmoja anavuta kuelekea wapi?" Hapo ndipo fizikia inapoanza, na ndipo wengi wanapopotea njia.

Safu hii inalileta somo la mwendo na kani mezani kwako kwa sababu hasara yake ni kubwa. Chini ya mfumo wa 8-4-4, shule nyingi zilimruhusu mwanafunzi kuiacha fizikia baada ya Kidato cha Pili, na wengi waliiacha, wasichana hasa. Katika mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, uchaguzi wa mkondo hufanywa mapema zaidi. Mtoto anayeikimbia fizikia leo kwa kuogopa fomula huenda akaja kutamani uhandisi kesho, akaukuta mlango umefungwa. Na mara nyingi hakushindwa na akili, ila alikosa utaratibu tu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, mtoto alisome swali mara mbili, kisha aandike pembeni alichopewa na anachoulizwa, pamoja na vipimo vyake. Pili, achore picha. Haihitaji kupendeza, kisanduku kinatosha kuwa mkokoteni. Tatu, kila kani aichoree mshale unaoonyesha inakoelekea. Nne, aamue upande upi ni wa kujumlisha na upi ni wa kutoa. Fomula ije ya tano. Mwisho, ajiulize kama jibu lake linakubalika na akili. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali methali hii inapothibitika kama katika karatasi ya fizikia.

Turudi kwenye tope letu. Ikiwa vijana wote wawili wanavuta kuelekea mbele, mishale inafuatana, na jibu ni nyutoni 700. Ikiwa kwa kutoelewana mmoja anavuta mbele na mwenzake nyuma, mishale inapingana: 400 ukitoa 300 zinabaki nyutoni 100, kuelekea upande wa yule mwenye nguvu zaidi. Na ikiwa kamba zao zinafanya pembe mraba, yaani kama kona ya daftari, mshale wa jumla hupita katikati ya ile miwili. Chora mistari kwa kipimo, sentimita 3 kwa sentimita 4, ukamilishe mstatili, kisha upime ulalo wake kwa rula. Utapata sentimita 5. Hizo ni nyutoni 500.

Vijana ni wale wale na jasho ni lile lile, lakini majibu ni matatu. Kitu kama hiki, chenye kiasi pamoja na mwelekeo, ndicho kinachoitwa vekta. Kilo za sukari hazina mwelekeo, kwa hiyo hujumlishwa hivi hivi. Kani haikubali kujumlishwa hivyo.

Kosa la pili ni la kusahau kani isiyoonekana. Weka mtungi wenye lita 20 za maziwa juu ya meza, umwulize mwanao ni kani gani zinazotenda kazi juu yake. Wengi watasema hakuna, maana mtungi umetulia. La hasha! Ukiacha mtungi wenyewe, maziwa yale yana kilo 20 na zaidi kidogo. Kwa hesabu za shule, dunia inayavuta chini kwa takriban nyutoni 200. Mbona basi hayaanguki? Kwa sababu meza nayo inausukuma mtungi juu kwa kani ile ile inayoulemea. Mshale mmoja chini, mwingine juu, urefu sawa. Tofauti yake ni sufuri. Utulivu si kukosa kani, ni kani kulingana.

Sasa mwite punda. Anavuta mkokoteni ambao pamoja na mzigo una kilo 200, akitumia kani ya nyutoni 300. Msuguano wa barabara ya udongo unamrudisha nyuma kwa nyutoni 200. Mkokoteni utaongeza kasi kwa kiasi gani? Mwanafunzi mwenye pupa atakumbuka kanuni ya Newton, atagawanya 300 kwa 200, na kuandika 1.5. Mwenye mchoro ataona mishale miwili inayopingana, atapata nyutoni 100 za ziada, kisha atagawanya kwa 200. Jibu lake ni mita 0.5 kwa sekunde, kila sekunde. Wote wawili wanaijua fomula. Mmoja tu ndiye aliyemwona punda.

Katika mwendo pia mwelekeo una kauli. Hapa nchi ya Kericho tuna mfano wa kujivunia. Marehemu Wilson Kiprugut, mzaliwa wa huko, ndiye Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki: shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka wa 1964, kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Mwambie mwanao azigeuze kuwa sekunde 105.9, kisha agawanye 800 kwa hizo. Atapata karibu mita 7.6 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, kasi ambayo baiskeli nyingi haziifikii.

Lakini mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Kiprugut alimaliza mbio karibu na pale alipoanzia. Mwalimu akiuliza umbali aliokimbia, jibu ni mita 800. Akiuliza amehama kiasi gani kutoka alipoanzia, jibu ni takriban sufuri. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mtihani hupenda kuyaweka jirani. Asiyesoma mara mbili hujibu moja mahali pa jingine.

Huenda ukasema, mzazi, kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Sivyo. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti jirani ya Kericho, lori lilitoka barabarani likawavamia wachuuzi, abiria na magari. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Katika miteremko yetu hii, kila kijana anayepanda bodaboda anapaswa kuijua hesabu ifuatayo.

Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa husafiri mita 10 kila sekunde. Tuseme breki zake hupunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Itasimama baada ya sekunde 2, na kwa kuwa kasi yake ya wastani katika muda huo ni mita 5 kwa sekunde, itakuwa imekwenda mita 10. Ongeza kasi hiyo mara mbili, ifike kilomita 72. Sasa inahitaji sekunde 4 kusimama, kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde: mita 40! Kasi imezidi mara mbili, umbali wa kusimama umezidi mara nne. Tena hatujahesabu ile sekunde moja ambayo dereva hupoteza kabla mkono haujashika breki. Ukiiongeza, mita 10 zinakuwa 20, na mita 40 zinakuwa 60. Na hiyo ni barabara tambarare na kavu. Kwenye mteremko uzito wenyewe unasukuma mbele, na kwenye tope msuguano umepungua.

Si lazima uwe umesoma fizikia ndipo umsaidie mwanao. Kazi yako ni kuuliza, na kuuliza si ujinga: "Umepewa nini? Unatafutiwa nini? Mchoro uko wapi? Mshale huu unaelekea wapi?" Asipoweza kukujibu kwa lugha unayoielewa, mwambie arudi kwenye swali kabla ya kurudi kwenye fomula.

Juma hili ajaribu hili: punda wetu amefika mahali pa tambarare, anavuta kwa nyutoni 200 tu, na msuguano ni nyutoni 200. Je, mkokoteni utasimama? Akisema ndiyo, mwambie achore tena. Mishale ikilingana, kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile.