Manii Bila Mbegu: Yasemwayo Mabarazani Malindi

Mabarazani Malindi, Unguja, ndoa isiyo na mtoto huhukumiwa upesi, na mshitakiwa ni mke. Hoja zinazotumika si za kweli, na zinavunja nyumba za watu.

Husemwa mume mwenye nguvu za kiume hana kasoro. Nguvu za tendo na mbegu ni mambo mawili. Takriban mwanamume 1 kati ya 100 hutoa manii yasiyo na mbegu hata moja, na kwa macho hayana tofauti na ya mwengine. Mume apimwe mapema, kabla mke hajazungushwa kwa waganga.

Husemwa tena: jibu likitoka sifuri, basi. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa bure. Kwa baadhi yao korodani zinafanya kazi vizuri, ila mirija imeziba, pengine kwa ugonjwa wa zinaa wa zamani. Mbegu huvutwa kwa sindano nyembamba, na mtu akarudi kwake siku hiyo hiyo. Wengine korodani zenyewe ndizo dhaifu. Mwaka 1999 Peter Schlegel wa New York alieleza namna ya kuzifungua chini ya hadubini: daktari hutafuta vijirija vilivyonenepa na kuwa vyeupe kuliko vyenzake, akavitoa hivyo tu, kisha watu wa maabara wakavichanachana na kusaka mbegu moja moja, pengine kwa saa kadhaa. Karibu nusu ya wanaume hawa hupata. Waliobaki hawapati, na waambiwe hivyo kabla ya kisu.

Kwamba mume akipasuliwa atakuwa hanithi? Hapana. Homoni ya kiume inaweza kushuka kwa miezi, na mara nyingi hupanda tena, ifuatiliwe.

Kuhusu madai kwamba matibabu haya ni haramu: mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, aliruhusu mbegu ya mume na yai la mkewe kuunganishwa maabara ndani ya ndoa. Alichokataza ni mbegu ya mtu wa nje. Kwa Muislamu anayefuata hukumu hiyo, upasuaji huu huenda ukawa ndiyo njia pekee ya kupata mtoto wa damu yake.

Wala mbegu kupatikana siyo mimba. Kwa njia iliyotangazwa Brussels mwaka 1992, mbegu moja hudungwa ndani ya yai, na mke naye huchomwa sindano na kutolewa mayai. Ni ghali, na pengine hushindwa. Wanaovuka kwa boti kwenda Dar es Salaam kutafuta matibabu waende wote wawili, na mume aseme kama anajichoma testosteroni za kujenga misuli. Dawa hizo huzima mbegu. Akiziacha kwa usimamizi wa daktari, huenda asihitaji kupasuliwa kabisa.