Kivuli Nacho Kina Haki Yake

Rafiki yangu mmoja, akijua mapenzi yangu ya picha, aliniletea kalenda ya ukutani kutoka bara. Ukurasa wake wa Oktoba unaonesha viboko wa Mto Katuma, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Matope yanang'ara kama sinia ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu. Anga ni la zambarau. Kila mkunjo wa ngozi ya kila kiboko unahesabika, na mti ulio nyuma yao umezungukwa na duara la mwanga, utadhani umeshukiwa na malaika. Nimeigeuza kalenda ikatazama ukuta, na sasa nashika kalamu.

Naishika kwa sababu mahali hapo napajua. Nilifika mwishoni mwa kiangazi, kwa treni ya Tabora inayochepuka Kaliua na kukomea Mpanda, juu ya reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Kisha kwa gari kuelekea kusini, kiasi cha kilomita 35, hadi Sitalike, ambako Katuma unapita kando ya kijiji. Niliyoyaona pale hayakuwa na zambarau. Anga lilikuwa jeupe kwa vumbi na moshi wa mioto ya nyika. Matope yalikuwa ya kijivu, na viboko wamebanana ubavu kwa ubavu ndani ya dimbwi lisilowatosha, udongo umewakaukia migongoni. Harufu ilitufikia kabla ya macho. Hakuna katika sisi aliyesema kuwa ni pazuri. Tulinyamaza.

Katuma hupungua kila kiangazi. Hiyo ndiyo tabia yake. Lakini tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kupita mazoea, na watafiti wamelihusisha jambo hilo na mabwawa na mifereji ya mashamba ya mpunga iliyoko juu ya mto. Mkulima ana haja yake na kiboko ana yake, wala mimi si kadhi wa kuwaamua. Ninalolishitaki ni hili: mto wenye kiu umegeuzwa pambo la sebuleni. Mtu wa Muscat au wa Hamburg, asiyetarajia kukanyaga Katavi maishani mwake, hana shahidi mwingine ila picha. Na shahidi huyo ameletwa barazani kwake amejipara kama anayekwenda harusini.

Ufundi uliotumika huitwa HDR, nao wenyewe hauna kosa. Mpigapicha huiweka kamera juu ya miguu mitatu, akapiga picha tatu za mahali pamoja: moja ya mwanga wa kadiri, moja iliyopunguzwa stopu mbili ili anga lisiungue, na moja iliyoongezwa stopu mbili ili kivuli kifunguke. Kila stopu huuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu. Basi baina ya picha ya giza na ile ya mwanga mna tofauti ya mara 16. Kompyuta huziunganisha zote, kisha huubana upana ule wa mwanga ili uenee katika karatasi. Wala kuunganisha si uzushi wa jana. Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika miaka ya 1850, aliunganisha negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya bahari. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walichapisha hesabu za kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta. Siku hizi hata simu ya mkononi huifanya, tena bila ya kumwambia mwenyewe.

Balaa huingia katika kule kubana. Programu hulinganisha kila sehemu ya picha na jirani zake, ikainua penye giza na kushusha penye mwanga. Ikiachiwa kupita kiasi, pale mti mweusi unapokutana na anga jeupe hubaki lile duara la kimalaika. Mawingu huwa na rangi ya majivu. Uso wa binadamu hufanana na nta. Na kila kitu, kuanzia jiwe hadi jicho, hudai kutazamwa kwa nguvu moja. Picha haina tena mbele wala nyuma. Ni kama shairi ambalo kila neno lake linapiga ukelele: masikio yamejaa, na hakuna lililosikika.

Nazijua hoja za wapinzani wangu. Husema kwamba jicho huona zaidi ya kamera. Kweli, lakini jicho halioni yote kwa mpigo mmoja. Huenda kwenye anga, likarudi kwenye kivuli, likasubiri kuzoea. Na hata likishazoea hujua kwamba pale ni gizani. Picha inayofuta giza haikulifuata jicho, bali imelipita.

Husema tena kwamba kila picha ni tafsiri. Hapo wamenijia kwenye kazi yangu, niliyojifunza bila mwalimu na kuifanya kwa miaka mingi. Naam, ni tafsiri; na kwa hiyo ni amana. Mfasiri akikuta ubeti wenye fumbo, haruhusiwi kulifumbua ndani ya ubeti kwa kuogopa kwamba msomaji atajikwaa. Kujikwaa kule mtunzi alikukusudia.

Mwisho husema kuwa wanunuzi wanapenda. Wahenga walishawajibu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi nifanye nini, ataniuliza kijana mwenye kamera pale Mpanda. Fungua kivuli kiasi cha kutambua kilichomo, kisha uache. Hakikisha kwamba ndani ya picha mna mahali palipobaki peusi kwelikweli, na penye mwanga mkali pamebaki pakali. Ukimaliza kurekebisha, punguza nusu ya ulichoongeza, ulale, uitazame asubuhi. Iweke kando ya ile picha ya kadiri; zikiwa hazifanani kama ndugu, umepotea. Chunguza kingo za miti uone kama mna duara. Na kiboko akigeuza kichwa kati ya picha moja na nyingine, usimlazimishe awe na vichwa viwili: chukua faili ghafi ya picha moja, utoe humo unachoweza, na uridhike.

Maana hasara ya chumvi nyingi haiishii kwenye sahani moja. Katika miezi hiyohiyo ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miombo ya nchi ile huchipua majani mapya ya rangi nyekundu na ya shaba, msitu mzima ukawa kama unaowaka bila moto. Hiyo ni rangi ya kweli, haikuongezwa na mtu. Lakini nikimwonesha picha yake aliyekwishaiona kalenda ile, atacheka, aniulize nimetumia programu gani. Muongo hata akisema kweli hasadikiwi, na watu wa kalenda wameisadikisha dunia kwamba nchi ya Katavi husema uongo.

Wabende husimulia habari za Katabi, mwindaji wa zamani, ambaye roho yake inaaminika kukaa ndani ya mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu huupelekea mti huo sadaka. Sijui mpigapicha wa kalenda angeufanya nini mkwaju ule. Nachelea angeuwashia taa hadi chini ya kila jani, akatuonesha shina lote na mizizi yote, kisha atuambie kwamba ametazama kila mahali na hakumwona mtu.