Matawi ya wajiolojia vyuoni yafike Kasulu na Kibondo

MKULIMA wa Kasulu au Kibondo anayejinyima hadi akanunua mfuko wa mbolea, kisha akaitia katika shamba lenye udongo mchachu, hupoteza sehemu ya fedha zake bila kujua. Udongo wa aina hiyo huikamata fosfeti isifike kwenye mizizi, na uchachu ukizidi, aluminiamu iliyomo ardhini huidhuru mizizi yenyewe. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoumia mapema. Nyanda za juu za Kigoma hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua hiyo hiyo inayostawisha migomba ndiyo inayoosha madini ya chokaa kutoka kwenye udongo.

Dawa yake inajulikana, nayo ni chokaa ya kilimo. Swali ni chokaa hiyo itoke wapi, na ifike shambani kwa bei gani. Hapo ndipo jambo linaloonekana kuwa la wasomi peke yao, yaani matawi ya wanafunzi ya vyama vya wajiolojia, linapomgusa mkulima na mfanyabiashara mdogo.

Matawi hayo si jambo geni duniani. Chama cha Wajiolojia wa Petroli cha Marekani (AAPG), kilichoanzishwa mwaka 1917, kina matawi ya wanafunzi katika vyuo vya nchi nyingi. Jirani zetu wa Uganda, ambako mafuta yaligunduliwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, waliunda tawi lao Chuo Kikuu cha Makerere. Hapa nchini, jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na wataalamu wenyewe wana chama chao, TGS.

Uendeshaji wa tawi hautofautiani sana na ule wa kikundi cha wakulima. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna mhadhiri ambaye ni mlezi, kuna ada ndogo, na kuna taarifa ya mwaka inayopelekwa kwenye chama mama. Tawi lililo hai huwapa wanachama safari za mafunzo na huwakutanisha na waajiri.

Hata hivyo, matawi ya namna hii yana maradhi mawili. La kwanza, viongozi wake ni watu wa kupita. Mwenyekiti akihitimu anaondoka na daftari, na wanaobaki wanaanza upya. Mwanachama wa ushirika haelezwi mara mbili maana ya jambo hilo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. La pili, ni rahisi safari za mafunzo kuelekea kule kuliko na dhahabu, almasi na gesi, kwa kuwa huko ndiko kuliko na makampuni na ajira. Mikoa isiyo na mgodi mkubwa hubaki pembeni.

Kigoma haistahili kubaki pembeni. Wajiolojia walioichunguza tangu enzi za ukoloni waliyapa matabaka ya miamba yake majina ya huku huku: miamba myekundu ya Manyovu, lava za Gagwe, mawe ya chokaa ya Ilagala. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kutoka kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000. Majina hayo yamo vitabuni na kwenye ramani, lakini yameandikwa kwa lugha ambayo ofisa mtendaji wa kijiji hawezi kuwasomea wananchi mkutanoni.

Chukua mfano wa mawe ya Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza. Ni chokaa yenye magnesiamu ndani yake, na udongo uliooshwa na mvua huhitaji vyote viwili. Fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara nayo huyeyuka vizuri katika udongo mchachu, ila inasafiri mamia ya kilometa kabla ya kufika Kasulu. Je, mawe ya mkoani yanafaa kusagwa? Ubora wake ukoje, na lori moja litagharimu kiasi gani hadi Makere au Kibondo mjini? Jibu la mwisho litatoka maabara na kwa wataalamu wa udongo, lakini kukusanya sampuli, kupima na kuchora ramani ni kazi ambayo wanafunzi wakiongozwa na mhadhiri wao wanaiweza.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na ya Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015. Visima na chemchemi za maeneo hayo zimebeba mzigo mkubwa. Kisima kirefu kikichimbwa pasipo na maji, mchimbaji hulipwa vile vile. Likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho chemchemi zisizokauka hujitambulisha zenyewe. Orodha ya chemchemi hizo, ikikabidhiwa kwa RUWASA na halmashauri, itapunguza kubahatisha.

Hivyo basi, yapo mambo matatu ya kufanya. Kwanza, kila tawi lichague makamu kutoka mwaka wa pili, na makabidhiano ya daftari, fedha na sampuli yafanyike kwa maandishi mbele ya mlezi kabla ya mitihani ya mwisho. Pili, walau safari moja kwa mwaka iende wilaya isiyo na mgodi mkubwa. Tatu, taarifa ya safari hiyo iandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili au tatu tu, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.

Kwa upande wao, halmashauri na vyama vya msingi vya ushirika visingoje kuletewa. Barua moja ya mwaliko kwa mlezi wa tawi, madarasa ya shule ya kulala wakati wa likizo, na chakula cha wiki moja ni gharama ndogo kuliko kisima kimoja kikavu. Wapo pia vijana wa Buha wanaosoma fani hiyo. Hao ndio wa kwanza kuulizwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa safari hii anakuja na nyundo ya kupasulia mawe na mfuko wa sampuli. Kinachotakiwa ni aitwe, na akiondoka, asiondoke na majibu.