Tanuri la Umeme Halina Macho

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Aghalabu methali hiyo hutajwa kwa kumsikitikia fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Lakini siku hizi wako watu ambao, kwa nia njema kabisa, wataka kumnyang'anya mfinyanzi hata hicho kigae.

Watu hao husema hivi: mwaka 2022 Kibondo na Kasulu ziliunganishwa na gridi ya taifa; basi na lije tanuri la umeme katika vijiji vya Buha, Titye ikiwa mojawapo. Kijana mmoja aliyesoma apewe ufunguo, na akina mama wachomao vyungu kwa kuni na majani makavu wapumzike, kwa kuwa mtambo utajua wenyewe la kufanya.

Sehemu ya kwanza ya shauri hilo haina ubaya. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, wenyeji na wakimbizi wamekuwa wakitafuta kuni katika misitu ile ile, na kila mzigo unaookolewa ni faida. Tena moto wa uwanjani hauwezekani mvua inyeshapo, hali tanuri lililo ndani ya nyumba halijali mawingu. Kosa limo katika sehemu ya pili, nalo ni kosa kubwa.

Asiyewahi kufinyanga hudhani kwamba chungu kilichokauka machoni kimekauka kweli. Sivyo. Udongo ulioanikwa hauwezi kuwa mkavu kuliko hewa inayouzunguka. Nchi ya Buha i juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Wakati wa mvua hewa yake hujaa unyevu. Na mwezi wa Juni na Julai, mvua ikiisha koma, usiku huwa wa baridi, na upepo wa mchana hukausha uso wa chungu huku tako lake nene likibaki bichi. Chungu cha namna hiyo kikitiwa katika tanuri na umeme ukafunguliwa wote mara moja, maji yaliyojificha hugeuka mvuke joto likaribiapo nyuzi 100. Mvuke ukikosa njia, hupasua chungu. Na vipande vyake huweza kuharibu nyaya zitoazo joto na vyungu vya jirani.

Dawa yake ni subira. Mfuniko huachwa wazi kidogo na joto hufanywa dogo kwa saa nyingi, pengine usiku kucha, mpaka unyevu utoke. Baadaye liko daraja jingine: katika nyuzi 573 chembe za mchanga mweupe ulio katika udongo hutanuka kwa ghafula, na wakati wa kupoa hunywea vivyo hivyo. Kwa hiyo afunguaye tanuri lingali na moto, alfajiri ya baridi, apate kuona kazi yake upesi, huona nyufa.

Tena umeme wenyewe si mtumwa mwaminifu. Nguvu ya tanuri hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, kama itokeavyo mwishoni mwa nyaya ndefu za vijijini jioni watu wanapowasha taa, karibu robo ya nguvu hupotea. Ndipo tanuri huweza kukwama kabla ya kufika joto linalotakiwa. Na kijana mwenye ufunguo akitazama saa tu, huzima wakati wake utimiapo na kutoa vyungu vibichi.

Je, ni nani ajuaye mambo haya? Ni wale wale walioambiwa wapumzike. Mfinyanzi wa moto wa wazi huanika vyungu kivulini ili upepo usiwahi upande mmoja. Huvipasha kwanza kwa moto mdogo, na hatii kuni kubwa mpaka aridhike. Hukigonga chungu kwa kidole na kukisikiliza, na sauti humwambia kama ni kizima au kina ufa. Mtambo waweza kuhesabu nyuzi za joto, lakini hauna masikio ya kusikia hayo.

Wala elimu hiyo si ya jana. Uvinza, kusini ya Kasulu, watu walichemsha maji ya chumvi katika vyungu kwa karne nyingi. Uchimbuzi uliofanywa huko mwaka 1967 ulionyesha kuwa kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 1,000. Na asemaye kwamba mikono na tanuri la kisasa havipatani, na amtazame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alijifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Nigeria, Ladi Kwali akiwa mmojawao. Hujenga vyungu kwa mkono bila gurudumu na kuvichoma katika tanuri la kisasa, na makumbusho makubwa ya dunia yamevinunua.

Basi tanuri likifika Titye, ufunguo na ukabidhiwe mama mfinyanzi, na kijana awe mkono wake wa kusoma tarakimu na kutengeneza nyaya. Bei ya vyungu ipangwe na yeye, na faida irudi kwake. La sivyo, vyungu vya kwanza vitapasuka katika baridi, lawama itaangukia udongo wa Buha na wanawake wake, ndoo za plastiki zitajaza sokoni mahali pao, na tanuri litageuka kabati la kuku.

Wafinyanzi wengi husaga vigae vya zamani na kuvichanganya katika udongo mpya, ili mvuke upate njia na chungu kistahimili moto. Apuuzaye kigae cha mzee hana budi kuokota vigae vyake mwenyewe.