Mshipa Kufunguka Si Moyo Kupona

Aliyepatwa na shambulio la moyo akiwahi kufika hospitali yenye vifaa, daktari humpitishia mrija mwembamba mkononi au pajani hadi kwenye mshipa wa moyo ulioziba, akautanua kwa puto na kuuwekea stenti, yaani kijibomba cha waya kinachouweka wazi. Kuhusu yanayofuata, yako madai yanayorudiwa sana. Tuyapime moja moja.

"Mshipa umefunguka, kazi imekwisha." Stenti hukaa kwenye mshipa mkubwa, wenye upana wa milimita chache. Msuli wa moyo wenyewe hulishwa na kapilari, vijishipa ambamo chembe nyekundu hupita moja moja. Mwaka 1974, Kloner, Ganote na Jennings walifunga mshipa wa moyo wa mbwa kisha wakaufungua. Ulipofungwa kwa dakika 40, damu ilirudi vizuri msulini. Ulipofungwa kwa dakika 90, mshipa mkubwa ulikuwa wazi lakini yapo maeneo ambayo damu haikufika tena: kuta za kapilari zilikuwa zimevimba na kuziba njia. Kwa binadamu, picha za MRI huonyesha hali hiyo kwa karibu nusu ya waliofunguliwa mshipa baada ya shambulio kubwa, na hao ndio wanaokabiliwa zaidi na moyo kushindwa kufanya kazi.

"Basi donge la damu linyonywe kabla ya stenti." Hoja ina mantiki, kwa kuwa vipande vya donge huweza kusukumwa hadi kwenye mishipa midogo. Utafiti wa TOTAL wa mwaka 2015 uliijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 10,000. Kunyonya donge kwa kila mgonjwa hakukupunguza vifo, na waliopata kiharusi waliongezeka.

"Ipo dawa ya kuzibua mishipa midogo." Uingereza ilijaribu kuingiza dozi ndogo ya alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo. Matokeo ya utafiti huo, T-TIME, yalitoka mwaka 2019: kuziba hakukupungua. Donge ni chanzo kimoja tu. Kapilari iliyovimba ndani, ikabanwa na msuli uliojaa maji nje, haina cha kuyeyushwa.

"Kwa hiyo hakuna la kufanya." Hili ndilo dai baya kuliko yote, na jibu lake limo kwenye tofauti ya dakika 40 na 90. Mishipa midogo hulindwa zaidi kabla mrija haujaingia. Kifua kikibana, maumivu yakaelekea mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likatoka, kimbia hospitali. Usisubiri kuona kama ni gesi. Aspirini nayo isidharauliwe: utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988 ulionyesha kuwa ilipunguza vifo kwa karibu robo.

Na ikiwa stenti haiwezi kuwekwa ndani ya dakika 120 tangu kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kithibitishe shambulio, miongozo ya tiba inataka mgonjwa asiye na sababu ya kitabibu ya kutoipewa apewe mapema dawa ya kuyeyusha donge kupitia mshipa wa mkono. Kwa aliyeko Kigoma au Songea, taasisi ya moyo ya Dar es Salaam iko mbali mno kwa dakika hizo. Kapilari zake zinategemea kama hospitali ya mkoa ina mashine ya ECG, dawa hiyo, na mtu wa kuitoa saa nane za usiku.